Damu ya Kericho, Macho ya Mbali

Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilifungua shule Kabianga, katika nchi ya Wakipsigis. Mwaka huohuo daktari kijana wa Kiingereza, P. C. C. Garnham, alianza kazi ya udaktari katika koloni la Kenya. Na milimani jirani na hapo, kampuni za Brooke Bond na James Finlay ndiyo kwanza zilikuwa zinapanda chai kwenye ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wamenyang'anywa. Ardhi hiyo walikuwa wamegawiwa kwanza maofisa wa Kiingereza waliolemazwa na Vita vya Kwanza vya Dunia, wakajaribu kulima kitani na kitani kikawashinda. Shule, chai na daktari vilikwenda kila kimoja njia yake kwa miaka mingi. Kilichokuja kuvikutanisha ni homa, pamoja na chombo cha kuisomea homa hiyo, yaani hadubini.

Walowezi walizipenda nyanda za juu kwa kuamini kwamba malaria haipandi mlima. Imani hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli. Kimelea cha malaria kali, Plasmodium falciparum, lazima kikomae ndani ya mbu kabla mbu huyo hajaweza kumwambukiza mtu, na joto likishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18 hivi za Selsiasi ukuaji huo husimama. Kericho iko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto lake huchezea papo hapo mpakani. Katika mwaka wa baridi homa haisikiki. Joto likipanda kidogo na mvua ikazidi, mbu huishi muda wa kutosha, na ugonjwa huwaangukia watu ambao miili yao haijauzoea. Kando ya Ziwa Victoria mtu mzima huwa ameshajijengea kinga tangu utotoni, na anayezidiwa hasa ni mtoto. Milimani homa ikija humlaza mtoto na humlaza baba yake.

Chai ilihitaji mikono mingi. Wachumaji walitoka mbali, wengine katika nyanda za chini ambako malaria ipo mwaka mzima, wakakaa kwenye kambi za mashamba. Barabara zilikatwa, misitu ikafyekwa, majani makavu yakapelekwa kwenye stesheni ya Lumbwa, ambayo leo inaitwa Kipkelion, yakapakiwa kwenye gari moshi. Kimelea nacho kilisafiri kwa njia hizohizo. Mwaka 1945 Garnham alichapisha katika British Medical Journal makala kuhusu milipuko ya malaria kwenye miinuko isiyo ya kawaida nchini Kenya. Sehemu aliyoitazama ni Londiani, ambayo leo imo ndani ya Kaunti ya Kericho. Mwaka 1947, bado akiwa Kenya, alionyesha jinsi kimelea cha ukoo mmoja na malaria kinavyokua ndani ya ini la tumbili. Mwaka uliofuata, akiwa London pamoja na Henry Shortt, alionyesha kwamba malaria ya binadamu nayo hupitia kwenye ini kabla ya kuingia katika damu. Ni ugunduzi mkubwa mno, na haki yake apewe. Lakini tuangalie njia uliyopita: kutazama kulianzia kwetu, neno la mwisho likatamkwa kwingine. Mtindo huo utajirudia sana katika habari hii.

Kabla ya kuendelea, msomaji ambaye hajapata kukaa mbele ya hadubini afahamu kazi yenyewe. Mtu wa maabara humchoma mgonjwa ncha ya kidole, huliweka tone la damu juu ya kioo, hulitandaza duara la upana wa sentimita moja hivi na huliacha likauke. Kisha hulitia rangi ya Giemsa, iliyopewa jina la Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg aliyeichapisha mwaka 1904. Hadi leo haijapata mrithi. Maji ya kuchanganyia rangi yakizidi asidi kidogo tu, kiini cha kimelea hakishiki wekundu wake na msomaji anaweza kukipita. Kioo kikioshwa vibaya, mabaki ya rangi huganda kwa umbo la kumdanganya hata mzoefu. Baada ya hapo huja tone la mafuta na lenzi ya mara 100. Sehemu inayoonekana kwa wakati mmoja ni ndogo mno, na msomaji hana ruhusa ya kuandika kwamba hakuna vimelea mpaka amepitia sehemu 100 za namna hiyo. Akivikuta, huvihesabu sambamba na chembe nyeupe 200 za damu ili ijulikane mgonjwa amelemewa kiasi gani. Muda wote huo vidole vyake haviachi skrubu ya kulengea. Tone hilo la damu lina kina: kimelea kimoja kinaonekana waziwazi juu, kingine kimezama chini, na ili kuviona vyote ni lazima lenzi ipandishwe na kushushwa bila kukoma.

Ustadi huo haupatikani kwa juma moja. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na mradi wa Walter Reed wa jeshi la Marekani walianzisha Kisumu kituo maalumu cha kuwanoa wasomaji wa vioo vya malaria, na wasomaji wakaja kufundishwa hapo kutoka nchi nyingi za Afrika.

Hospitali za mashamba ya chai zilikuwa na watu wa aina hiyo, tena zilitunza rejista. Mwezi baada ya mwezi, tangu miaka ya 1960, waliolazwa kwa malaria waliandikwa. Katika nchi ambayo kumbukumbu za zahanati huliwa na mchwa, rejista za Kericho ni hazina. Dennis Shanks, Simon Hay, Robert Snow na wenzao walizifungua, na mwaka 2000 wakaonyesha kwamba malaria, iliyokuwa imefifia sana mashambani katika miaka ya 1960, ilirudi kwa nguvu tangu miaka ya 1980. Walinyooshea kidole dawa ya klorokwini, ambayo kimelea kilikuwa kimejifunza kuistahimili. Mwaka 2002 kundi hilo lilichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa hali ya hewa wa sehemu nne za milimani, zikiwamo Kericho na Kabale ya Uganda, likasema halikuona badiliko la joto la kutosha kueleza kurudi kwa ugonjwa. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake walizipitia upya takwimu za aina hiyo wakaona joto limepanda. Wanasayansi wa pande zote za dunia wakawa wanabishana juu ya Kericho.

Aliyeleta ushahidi wa nyumbani alikuwa Judith Omumbo, mtafiti Mkenya. Mwaka 2011, pamoja na wenzake, alitumia vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha taasisi ya utafiti wa chai, palepale Kericho, vya tangu mwaka 1979 hadi 2009. Vilionyesha joto likipanda kwa kadiri ya nyuzi 0.2 kila miaka 10. Kwenye mpaka wa nyuzi 18, kiasi hicho si kidogo. Ninaithamini kazi ile kwa sababu moja zaidi ya hesabu zake: chombo kilikuwa Kericho, kipimo kilichukuliwa Kericho, na Mkenya akawa mbele katika kukisoma.

Upande wa Bomet, jirani na Kericho, shida ilikuwa ya nyama, si ya damu. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937, ilikuwa ikipokea watu walioshindwa kumeza chakula, wengine wakiwa bado vijana. Mwaka 2002 Russell White na wenzake waliandika katika The Lancet kwamba saratani ya umio ni ya kawaida miongoni mwa vijana wa Bomet. Katika nchi nyingi ugonjwa huo ni wa wazee. Mwaka 2016 Michael Mwachiro na timu ya Tenwek walichapisha uchunguzi wa watu wazima 305 wa eneo hilo ambao hawakuwa na dalili yoyote. Takriban mmoja kati ya kila saba alikutwa na mabadiliko ya seli yanayotangulia saratani.

Neno kama hilo haliwezi kutamkwa bila mwanapatholojia. Daktari wa tumbo hupitisha kamera kooni na kunyofoa kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Kipande hutiwa kwenye dawa ya kukihifadhi, hugandishwa kwenye nta, hukatwa vipande vyembamba kupita karatasi, hupakwa rangi, kisha husubiri jicho. Kenya haijawahi kuwa na wanapatholojia wa kutosha, na wengi wao wamejaa Nairobi. Basi kipande husafiri. Wenye jamaa waliowahi kusubiri majibu ya namna hiyo wanajua wiki moja huwa na siku ngapi. Haja ya kuisoma hadubini kutoka mbali haikuletwa kwetu na wauzaji wa vifaa. Ilikuwapo kitambo, katika chupa ndogo zilizopakiwa kwenye matatu za kwenda mjini.

Huko ng'ambo dawa ya umbali huo ilikuwa inatafutwa. Mwaka 1986, Marekani, Ronald Weinstein alionyesha hadubini yenye mota iliyokuwa Texas ikiendeshwa na daktari aliyekaa Washington, mawasiliano yakipita kwenye setilaiti. Kaskazini mwa Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wapasuaji wa Kirkenes walikuwa wakipeleka picha za hadubini Tromsø mgonjwa akiwa bado kwenye meza ya upasuaji, na jibu likirudi ndipo wanaamua wakate wapi. Mwaka 1992, kwenye maonyesho ya michoro ya kompyuta mjini Chicago, Mark Ellisman na wenzake waliendesha kwa njia ya intaneti hadubini kubwa ya elektroni iliyokuwa San Diego, mbali sana na hapo. Mashine ya kujaza chumba kizima ilikuwa inamtii mtu asiyeiona.

Mradi unaonivutia kuliko yote hiyo ni wa watoto. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Illinois kilianzisha Bugscope. Wanafunzi wa shule waliokota wadudu, wakawatuma kwa posta hadi chuoni, na siku iliyopangwa wakaishika hadubini ya elektroni kutoka darasani kwao kwa kompyuta ya kawaida: wakasogeza, wakakuza, wakauliza maswali, na wataalamu wakawajibu papo hapo. Jicho la nzi likajaa kwenye skrini ya darasa lisilokuwa hata na maabara.

Afrika Mashariki iliingia kwa mlango wa uhandisi. Jesús del Alamo wa chuo cha MIT, Marekani, alikuwa ameunganisha vifaa vya maabara yake na intaneti mwaka 1998 ili wanafunzi wapime transista wakiwa vyumbani mwao. Katikati ya miaka ya 2000 mpango huo, uitwao iLabs, uliwafikia wanafunzi wa Makerere, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Obafemi Awolowo cha Nigeria. Mwanafunzi wa Dar es Salaam aliweza kukipima kifaa kilichokuwa Massachusetts. Makerere hawakuridhika kuwa wageni tu. Walianza kujenga majaribio yao wenyewe, na chombo kikawa Kampala.

Kilichowatesa ni njia yenyewe. Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano ya vyuo vyetu yalitegemea zaidi setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Amri hupanda na kushuka, picha nayo hupanda na kushuka, na hata mambo yote yakienda sawa inapita zaidi ya nusu ya sekunde. Kwa barua pepe si kitu. Kwa mtu anayezungusha skrubu ya kulengea ni balaa: anazungusha, haoni badiliko, anazungusha tena, halafu picha mbili zinafika kwa mfuatano na lenzi imeshapita pale alipotaka. Katika hadubini ya mara 100, ambako lenzi karibu inagusa kioo, kosa hilo linaweza kuvunja kioo cha mgonjwa. Mwaka 2009 mikongo ya intaneti ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa kupitia baharini, na mtandao wa vyuo wa KENET, uliokuwapo tangu mwaka 1999, ukapata njia pana. Mwaka huohuo Kabianga ilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Mwaka 2013 ikapata hati yake na kuwa Chuo Kikuu cha Kabianga. Shule ya mwaka 1925 ikawa na wanasayansi wake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio kidogo. Kinondo, Kaunti ya Kwale, kwenye hospitali ndogo karibu na ufuo wa Diani, timu ya Johan Lundin kutoka Finland na Sweden pamoja na wafanyakazi wa Kenya walifunga hadubini ndogo inayopiga picha kioo kizima. Tangu Septemba 2018 hadi Septemba 2019 walichukua vipimo vya mlango wa kizazi kwa wanawake 740 wanaoishi na virusi vya ukimwi. Picha zilipitia kwenye mtandao wa simu hadi kwenye seva ya mbali, programu ya akili unde ikazichuja, na wanapatholojia wakazikagua. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba programu haikukosa karibu dalili yoyote iliyoonwa na wataalamu, na kwamba ilipotamka kioo ni safi, mara nyingi mno kilikuwa safi kweli.

Tanzania ilishika njia nyingine. Kituo cha STICLab cha Dar es Salaam, Taasisi ya Afya ya Ifakara na vyuo vya Bath na Cambridge vya Uingereza vilishirikiana katika hadubini ya OpenFlexure, ambayo mwili wake hutengenezwa kwa printa ya 3D. Badala ya gurudumu na reli za chuma, jukwaa lake husogea kwa plastiki nyembamba inayojikunja, likivutwa na mota ndogo za bei nafuu, kwa hatua ndogo kuliko chembe ya damu. Ubongo wake ni kompyuta ya Raspberry Pi, na kwa kuwa kompyuta hiyo imo kwenye mtandao, mtu anaweza kuiendesha akiwa chumba cha pili au bara jingine. Michoro yake yote iko wazi. Kipuri kikivunjika, kinachapwa kingine palepale.

Njia hizi mbili hazifanani, na ningependa wanaopanga bajeti waelewe tofauti iliyopo. Kupiga picha kioo kizima na kuituma kunavumilia mtandao dhaifu, maana picha inaweza kupakiwa usiku na kusomwa asubuhi. Kunafaa sana kwa nyama ya Bomet, iliyokatwa nyembamba na kulala tambarare. Lakini tone nene la damu ya Kericho lina kina. Picha ya tabaka moja huacha vimelea vilivyozama, na kupiga tabaka zote hufanya faili kuwa zito kupita kiasi. Hapo anahitajika mtu anayeweza kupandisha na kushusha lenzi kwa mkono wake, hata kama mkono huo uko Kisumu na lenzi iko Londiani. Na katika njia zote mbili, kioo kilichopakwa rangi vibaya kitabaki kibaya hata kikitazamwa na bingwa wa Helsinki. Mtu wa maabara wa kijijini hajaondolewa na mashine. Kazi yake imekuwa nzito zaidi, kwa sababu sasa ndiye anayewaandalia wengine cha kuona.

Historia hii inaniongoza kwenye msimamo mmoja. Kwa miaka 100 milima hii imetoa damu, nyama, rejista na hata joto la hewa yake, na mara nyingi waliokaa kwenye kiti cha kusomea walikuwa mbali. Intaneti inaweza kuuendeleza mtindo huo kwa kasi kubwa zaidi, sisi tukawa wa kutuma picha tu na kungoja jibu. Inaweza pia kuugeuza. Yote yanategemea chombo kimefungwa wapi na nani amefundishwa kukishika. Dar es Salaam, Kampala na Kinondo zimeshaonyesha kwamba chombo kinaweza kukaa kwetu.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa Chuo Kikuu cha Kabianga, kwa serikali za Kaunti za Kericho na Bomet, na kwa wenye mashamba ya chai ambao hospitali zao zilianza kazi hii. Fungeni hadubini za kuendeshwa kwa mtandao katika maabara za Londiani, Kapkatet na Longisa, na chumba cha kuzisomea kiwe Kabianga. Wanafunzi wa biolojia wasome vioo hivyo chini ya wataalamu waliothibitishwa, na mwanapatholojia wa Nairobi au wa ng'ambo aitwe kwenye kioo kilichowashinda. Waajirini watu wa maabara kwa kudumu na muwalipe kwa wakati, kwa kuwa bila wao hakuna cha kutazama. Na rejista zitunzwe, kama zilivyotunzwa na makarani wa hospitali za chai tangu miaka ya 1960, ili atakayebishana juu ya homa ya Kericho aje kuzisomea Kericho.